Samaki wakifa bwawani, kirusi hujulikanaje? Historia ya seli za chupani, kutoka Amani hadi Ziwa Victoria



Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu niandike kuhusu vifaranga vya samaki ni hili: "Afisa, samaki wangu wanakufa, niwawekee dawa gani?" Jibu langu huwaudhi watu, kwa sababu nami nauliza: wanakufa kwa nini? Wengi wameshafika duka la pembejeo kabla ya kunipigia, wamenunua OTC ya kuku, wameimwaga bwawani, na samaki wameendelea kufa. Pesa imekwenda na maji.

Leo sitakupa kipimo cha dawa yoyote. Nitakueleza jinsi watu walivyofika mahali pa kuweza kusema kwa uhakika, "huyu samaki ameuawa na kirusi." Ni historia ya miaka mingi, na kipande chake kimoja kimepita hapa hapa Muheza. Ukiielewa utajua kwa nini nakuomba samaki mgonjwa kwenye barafu badala ya picha ya WhatsApp.

Tuanze na jambo moja la msingi. Bakteria ni kiumbe kamili, ukimpa supu nzuri ndani ya kisahani atazaliana, na dawa za antibayotiki zinampata. Kirusi si hivyo. Hakili wala hakizaliani chenyewe. Lazima kiingie ndani ya seli iliyo hai, yaani zile chembe ndogo zinazojenga mwili wa mmea, ng'ombe au samaki, kisha kiitumie seli hiyo kama kiwanda. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kukikuza kirusi na kukichunguza hana njia ya mkato, lazima awe na kitu kilicho hai cha kukipa. Na antibayotiki haikigusi, hata ukimwaga kopo zima.

Hapa Amani kitu hicho kilicho hai kilikuwa muhogo. Kituo cha utafiti kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kikaendelea chini ya Waingereza, na miaka ya 1930 alikuwepo pale mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye Storey. Wakati ule wakulima walikuwa wanaona majani yana mabaka na mizizi inaoza, na kila mtu alikuwa na sababu yake: ardhi imechoka, mvua, mkono wa mtu. Storey na wenzake walibebesha kipande cha muhogo mgonjwa juu ya muhogo mzima. Ninyi wakulima wa machungwa wa Muheza sina haja ya kuwaeleza kubebesha ni nini. Mmea mzima ukaugua, na hakuna mdudu wala ukungu uliokuwa umeonekana ndani yake. Mwaka 1936 Storey aliandika kuhusu michirizi ya kahawia kama ugonjwa wa kirusi, na dunia ikausikia kwa mara ya kwanza kutoka kwenye milima yetu. Ugonjwa huo huo bado unakula mihogo ya watu huku chini hadi leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti huo wa kilimo ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, chini ya jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Muguga hapo hapo kulikuwa pia na kituo cha utafiti wa mifugo, na ndiko kipande cha pili cha historia hii kilikofanyika.

Wazee wa kifugaji wanaijua sotoka ya ng'ombe kwa masimulizi. Iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka huku kwetu miaka ya 1890 na 1891, na Wamasai walibaki na mazizi matupu. (Sotoka ya mbuzi na kondoo tunayochanja siku hizi ni ndugu yake, si yeye.) Miaka ya mwanzo watafiti walikuwa na tabu kubwa: ili kirusi cha sotoka kisipotee maabara, ilibidi mnyama mmoja aambukizwe, damu yake ichukuliwe, aambukizwe wa pili, na kadhalika. Chanjo iliyopatikana kwa kupitisha kirusi kwenye mbuzi ilisaidia sana, ila iliwaumiza baadhi ya ng'ombe, hasa wa kizungu.

Walter Plowright na mwenzake Ferris pale Muguga, kuanzia miaka ya 1950, walichukua njia nyingine. Walichukua figo ya ndama, wakaitenganisha mpaka zikabaki seli moja moja, wakaziweka ndani ya chupa zenye maji ya lishe. Seli zikashika chini ya chupa, zikatandika kama mkeka mwembamba. Wakawapa kirusi cha sotoka mkeka huo. Kirusi kilikula seli, wakachukua maji yake wakatia chupa nyingine, na nyingine, karibu mara 90. Kila mara kirusi kilizidi kuzoea maisha ya chupani na kusahau jinsi ya kumwua ng'ombe. Mwishowe wakapata chanjo ambayo ng'ombe aliyechomwa mara moja alikingwa maisha yake yote, na hakuugua. Sotoka ya mwisho kuonekana duniani ilikuwa kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili katika historia yote kufutwa, baada ya ndui, na chanjo iliyoufuta ilitoka Muguga. Sijui kwa nini hatulisemi hili mashuleni kila siku.

Sasa tofauti moja ndogo lakini ya maana. Seli za figo ya ndama zinazeeka. Ukizihamisha chupa hadi chupa, baada ya muda zinachoka na kufa, inabidi utafute ndama mwingine. Ila mara chache hutokea seli ambazo hazichoki. Unazigawa, zinakua, unazigawa tena, miaka na miaka. Hizo ndizo wataalamu wanaziita ukoo wa seli. Fikiria pingili za muhogo: shina moja unalikata vipando kumi, unapanda, mwakani unakata tena, na shamba la jirani nalo linapata. Miaka 30 baadaye ni mmea ule ule. Ukoo wa seli ni hivyo hivyo, na maabara hupeana kama sisi tunavyopeana vipando. Faida yake ni kwamba mtafiti wa Norway na wa Thailand wakitumia ukoo mmoja, majibu yao yanaweza kulinganishwa.

Kwa samaki, ukoo wa kwanza wa kudumu ulipatikana Marekani, kwenye maabara ya magonjwa ya samaki ya Leetown, na watafiti Wolf na Quimby wakautangaza mwaka 1962. Ulitoka kwenye viungo vya uzazi vya trauti, samaki wa maji baridi, na ukaitwa RTG-2. Kwa nini waliuhangaikia? Kwa sababu wafugaji wa trauti walikuwa wakipoteza vifaranga kwa maelfu. Kifaranga kinajizungusha kama pia, kinazama, kinafa. Mwaka 1941 mtaalamu wa Kanada aliuandika kama uvimbe wa utumbo, na watu wakawa wanakisia chakula. Wolf alipotia maji yaliyochujwa kutoka kwa vifaranga wagonjwa kwenye seli za trauti, mkeka ule ukatoboka matundu kama shuka iliyoliwa na mende. Kichujio kilikuwa kimezuia bakteria wote. Kilichopita kikala seli kilikuwa kirusi. Ilikuwa 1960, mara ya kwanza kirusi cha samaki kukuzwa namna hiyo. Tangu hapo swali la "ni chakula au ni ugonjwa?" likapata njia ya kujibiwa.

Samoni wa Norway wenyewe nitawaeleza kwa urefu kidogo, ingawa hapa tunawaona kwenye menyu za hoteli za Zanzibar tu, kwa sababu kisa chao kina funzo kubwa kwa mwenye bwawa la mita 20 kwa 15.

Mwaka 1984 samoni wa kufugwa kule walianza kufa na ugonjwa mpya. Ukifungua matamvua, ni meupe. Damu imekuwa nyepesi kama maji ya togwa. Ukichukua damu ya mgonjwa ukamchoma mzima, naye anaugua, kwa hiyo ilijulikana kwamba ni ambukizo. Lakini kila walipojaribu kukikuza kirusi kwenye seli zilizokuwepo, za trauti na nyinginezo, mkeka ulibaki mzima. Kirusi kilikuwa kinachagua. Kilitaka seli za samoni wa Atlantiki, na si za popote mwilini. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1995, ndipo mtafiti Birgit Dannevig na wenzake wakapata ukoo mpya kutoka figo ya mbele ya samoni, wakauita SHK-1, na humo kirusi kikakua. Miaka 11 ya kupigana na adui asiye na sura.

Je, katika miaka hiyo 11 wafugaji walikaa wakisubiri maabara? Hapana, na hapo ndipo nataka ukae kitako. Mwaka 1990 mashamba kama 80 yalikuwa yameambukizwa. Serikali ikakataza kuhamisha samaki hai kutoka baharini shamba moja hadi jingine, ikalazimisha maji ya machinjio yatiwe dawa kabla ya kumwagwa, na samaki wa mwaka huu wakatengwa na wa mwaka jana. Ilipofika 1994, kabla kirusi hakijakuzwa chupani, mashamba yenye ugonjwa yalikuwa yamebaki ya kuhesabu kwa vidole. Walikishinda kwa ndoo, chokaa na nidhamu. Seli zilikuja baadaye kuwaambia walikuwa wanapigana na nani, na kuwapa njia ya kupima mayai na vifaranga kabla ya kuuza.

Chile walichelewa kuichukua nidhamu hiyo. Kirusi hicho kilithibitishwa huko mwaka 2007, kwenye mashamba yaliyobanana, samaki wakihamishwa huku na huko. Hadi 2010 uzalishaji wao wa samoni wa Atlantiki ulikuwa umeshuka hadi karibu theluthi moja ya ulivyokuwa, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Sasa tuje kwa perege.

Kwa miaka mingi tuliambiana kwamba perege na sato hawaugui. Ni samaki mgumu, anavumilia joto, anavumilia maji machafu. Nilifundishwa hivyo chuoni nami nikafundisha hivyo. Kisha kwenye Ziwa Galilaya, Israel, mavuno ya perege wa asili yakaporomoka kutoka tani 316 mwaka 2005 hadi tani 8 mwaka 2009. Si lazima yote yawe ya ugonjwa, uvuvi wa kupita kiasi nao ulikuwepo. Lakini mwaka huo wa 2009 samaki walianza pia kufa kwenye mabwawa ya kufugia, macho yameingia ukungu, ngozi ina vidonda. Watafiti wakachukua ubongo wa samaki wagonjwa, wakausaga, wakauchuja, wakautia kwenye seli za ubongo wa perege na kwenye ukoo uitwao E-11, ambao ulitokana na samaki wa Asia mwenye kichwa kama cha nyoka. Baada ya siku kati ya tano na kumi, mkeka ukaanza kutoboka. Wakachukua kirusi kilichokua humo, wakawapa perege wazima, nao wakafa kwa dalili zile zile. Matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Kirusi kikaitwa TiLV, kirusi cha ziwa cha perege.

Baada ya jina kupatikana, kikaonekana Ecuador, Kolombia, Misri, Thailand. Mwaka 2017 shirika la FAO likatoa tahadhari kwa dunia nzima. Watafiti wa Thailand wakaonya mwaka huo kwamba vifaranga kutoka vituo vyenye kirusi vilikuwa vimeuzwa nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. FAO ilisema pia jambo ambalo mchuuzi anapaswa kulishika: kirusi hiki hakijulikani kumdhuru binadamu. Perege akipikwa analiwa. Anayekwambia vinginevyo sokoni anataka ushushe bei.

Na kwetu? Mwaka 2018 watafiti wa Makerere, SUA ya Morogoro na chuo kimoja cha Norway (wale wale wa samoni) walitangaza matokeo ya sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, wa kufugwa na wa ziwani. Walichukua samaki 191, wakatoa sampuli 442 za viungo mbalimbali. Sampuli 28 zilionyesha vinasaba vya TiLV, nyingi zikiwa za bandama na figo ya mbele. Vinasaba hivyo vilifanana na vya Israel na Thailand.

Soma kwa makini hapo. Walipata vinasaba, kwa kipimo cha PCR. PCR ni kama kukuta nyayo za fisi nje ya zizi. Amepita, ndiyo. Ila nyayo hazikwambii kama bado yupo, kama ana njaa, au kama ndiye aliyekula mbuzi. Watafiti wenyewe waliandika kwamba kazi inayofuata ni kukikuza kirusi chenyewe kutoka kwa samaki wa Ziwa Victoria na kuonyesha kwamba kinaua. Na kukikuza ni zile chupa tena, na seli za samaki, na mtu anayejua kuzitunza zisiingie ukungu umeme unapokatika.

Ndiyo maana mimi sikwambii kwamba TiLV ipo Muheza, wala sikwambii haipo. Nakwambia hivi: vifaranga hapa wilayani vinasafiri. Vingine vinapakiwa kwenye mifuko ya oksijeni vinalala ndani ya basi usiku kucha kutoka Kanda ya Ziwa, kwa sababu mtu amesikia sato wa kule anakua haraka. Mabwawa yetu mengi yanatoa maji yake kwenye vijito vinavyoingia Zigi. Kwenye Zigi na Pangani kuna perege wetu wa asili, wataalamu wamempa jina la Korogwe kabisa, na samaki huyo hapatikani sehemu nyingi duniani. Ugonjwa ukiingia bwawani kwako unaweza kumwaga maji, ukapiga chokaa, ukaanza upya. Mto humwagi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayokuomba. Nunua vifaranga kwa mtu mmoja unayemjua, umuulize vimetoka wapi, na kama hajui, usichukue. Vikifika, viweke kwanza kwenye kibwawa cha pembeni au tangi kwa wiki tatu au nne, maana kwa TiLV vifo vingi huja ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupandikiza. Usitumie wavu wa jirani kabla haujaoshwa na kukauka juani vizuri. Mchuuzi, maji ya ndoo yako yasimwagwe kwenye bwawa la mteja wa pili.

Wakianza kufa, angalia saa na namna. Wakifa wengi kwa usiku mmoja, alfajiri unawakuta wanahema juu ya maji na wakubwa ndio wa kwanza kufa, hiyo mara nyingi ni hewa imekwisha: punguza chakula na samadi, ingiza maji mapya. Wakifa wachache leo, wengi kesho, wengi zaidi keshokutwa, wanazubaa, hawali, macho yana ukungu au yamevimba, ngozi imechubuka, hapo funga njia ya maji yanayotoka, usiuze samaki hai, usigawe vifaranga, na nipigie mimi au fika ofisi ya mifugo na uvuvi ya halmashauri siku hiyo hiyo.

Sampuli chagua samaki anayekufa, si aliyeoza. Watatu au wanne, kila mmoja mfuko wake wa plastiki, ndani ya deli lenye barafu nyingi. Usiwaweke kwenye friza wakaganda, kwa sababu kuganda na kuyeyuka kunapunguza virusi hai, na bila kirusi hai seli za chupani hazina cha kutuonyesha. Wengine wawili wapasue, chukua kipande cha ini, bandama na ubongo ukubwa wa punje ya harage, weka kwenye spiriti ya maabara nitakayokupa. Spiriti inaua kirusi ila inatunza vinasaba, hivyo hicho ni cha PCR. Gongo haifai, ina maji mengi. Andika kwenye karatasi kwa penseli (wino unafutika): tarehe ya kupandikiza, vifaranga vilikotoka, wangapi wamekufa kila siku, na dawa yoyote uliyoweka, hata kama unaona aibu kuisema. Karatasi hiyo iingie kwenye mfuko wake mkavu ndani ya deli, na deli lifike kwangu kabla barafu haijayeyuka.